Tasa Lakini Si Gumba: Majibu kwa Madai Sita Kuhusu 2,147,483,647

Isome namba hii kwa sauti, pole pole: bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, laki nne na elfu themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Kwa tarakimu ni 2,147,483,647. Kwa kipeo ni fupi zaidi: 2³¹ − 1, yaani chukua 2, izidishe kwa yenyewe mpaka ziwe 2 thelathini na moja, kisha utoe moja.

Namba hii ni tasa. Haigawanyiki bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe, kama zilivyo 2, 3, 5, 7 na 11. Hilo silibishanii. Ninachobishania ni maneno yanayoizunguka. Nimeyasikia darasani, nimeyasikia kwa mafundi wa kompyuta, na mengine yalitamkwa na wasomi wakubwa karne nyingi kabla yetu. Yapo yenye nusu ya ukweli, na yapo yasiyo na ukweli hata chembe.

Nayajibu moja moja kwa sababu hisabati ni uwanja ambamo mwanafunzi mwenye kalamu na karatasi anaweza kumsahihisha mtu mwenye jina kubwa, na sote tukalazimika kumkubali mwanafunzi. Ndiyo maana kila jibu hapa chini linakuja na hesabu ambayo msomaji anaweza kuirudia mwenyewe. Asiniamini mimi, aihakiki hesabu.

Dai la kwanza: "Inaishia na 7, haigawanyiki kwa 2, wala 3, wala 5. Basi ni tasa."

Vipimo hivyo ni sahihi, lakini havitoshi. Namba yetu ni witiri, kwa hiyo 2 imeondoka. Haiishii na 0 wala 5, kwa hiyo 5 imeondoka. Jumla ya tarakimu zake ni 46, na 46 haigawanyiki kwa 3, kwa hiyo 3 imeondoka pia. Mpaka hapo umeondoa vigawo vitatu tu. Bado kuna maelfu ambavyo hujavigusa.

Ili kuona hatari ya kuishia hapo, izidishe namba yetu kwa 2, kisha ongeza 3. Unapata 4,294,967,297. Nayo inaishia na 7. Nayo ni witiri. Jumla ya tarakimu zake ni 59, kwa hiyo haigawanyiki kwa 3. Kwa macho ni ndugu wa damu wa namba yetu.

Pierre de Fermat, mwanahisabati mkubwa wa Ufaransa wa karne ya 17, aliamini kwamba ni tasa. Mwaka 1732 Leonhard Euler akaonyesha kwamba 641 × 6,700,417 ni 4,294,967,297 kamili. Chukua karatasi uzidishe. Haitakuchukua dakika tano. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Namba hazina kipimo cha sura. Inayofanana na tasa si lazima iwe tasa, na aliyedanganyika hapa hakuwa mjinga, alikuwa Fermat.

Dai la pili: "Kipeo chake, 31, ni tasa. Ukichukua 2 kwa kipeo kilicho tasa ukatoa moja, daima unapata tasa."

Dai hili linavutia kwa sababu linaanza vizuri mno. 2² − 1 ni 3. 2³ − 1 ni 7. 2⁵ − 1 ni 31. 2⁷ − 1 ni 127. Zote ni tasa. Mtu akifika hapo hutamani kufunga daftari na kutangaza kanuni.

Asifunge. Kipeo kinachofuata ni 11, na 2¹¹ − 1 ni 2,047, ambayo ni 23 × 89. Mfano mmoja unaokataa unatosha kuivunja kanuni nzima, hata kama mifano elfu imeikubali.

Kweli iliyomo ni ya upande mmoja: kipeo kisipokuwa tasa, namba haiwezi kuwa tasa. Kipeo kikiwa tasa, huenda ikawa, huenda isiwe. Kuchanganya pande hizi mbili kumewaponza wakubwa. Pietro Cataldi wa Italia alithibitisha mwaka 1588 kwamba vipeo 17 na 19 vinatoa namba tasa, na katika hilo alikuwa sahihi. Kisha akaongeza 23, 29, 31 na 37. Kati ya hivyo vinne, ni 31 peke yake iliyosimama. Kipeo 23 kinatoa 8,388,607, ambayo ni 47 × 178,481. Kipeo 29 kinatoa 536,870,911, ambayo ni 233 × 1,103 × 2,089. Kipeo 37 kinatoa namba inayogawanyika kwa 223.

Mwaka 1644 padri Marin Mersenne wa Ufaransa, ambaye namba za jamii hii zimepewa jina lake, alitoa orodha yake. Ndani yake mlikuwa na 67 na 257, ambazo hazistahili, na mlikosekana 61, 89 na 107, ambazo zinastahili. Ilipofika 1903 ndipo Frank Nelson Cole wa Marekani alipowaonyesha wenzake vigawo vya 2⁶⁷ − 1: ni 193,707,721 × 761,838,257,287.

Siku hizi wapo wanaolipandisha dai hili ngazi moja. Wanasema kipeo kisiwe tasa tu, kiwe kimetoka katika ukoo huohuo wa Mersenne. Kweli 5 inazaa 31, na 31 inazaa namba yetu. Je, namba yetu ikiwekwa kuwa kipeo, itazaa tasa nyingine? Hiyo ingekuwa namba yenye tarakimu zaidi ya milioni 646, ambazo kitabu kimoja hakiwezi kuzibeba. Hata hivyo inajulikana kwamba si tasa, kwani inagawanyika kwa 295,257,526,626,031. Mnyororo ule mzuri unakatikia hapo.

Dai la tatu: "Kabla ya kompyuta hakuna aliyeweza kulijua hili. Ungelazimika kujaribu namba bilioni mbili."

Nalikataa dai hili kwa nguvu kuliko mengine yote, kwa sababu linamnyang'anya binadamu sifa yake.

Tuanze na jambo rahisi. Vigawo huja viwili viwili. Kama namba ni zao la namba mbili, haiwezekani zote mbili ziwe kubwa kuliko kipeuo chake cha pili. Kipeuo cha pili cha namba yetu ni 46,340 na ushei. Kwa hiyo, kama ina kigawo chochote, basi kipo kimoja kisichozidi 46,340. Papo hapo bilioni mbili zimeshuka hadi elfu arobaini na sita. Na kwa kuwa tunahitaji kujaribu vigawo vilivyo tasa tu, zinabaki kama 4,800.

Hapo ndipo Euler alipoonyesha ustadi wake. Hakuanza kugawanya. Alijiuliza kwanza: kigawo cha namba hii, kama kipo, kitakuwa na umbo gani?

Mfuate kwa mfano mdogo. Chukua 23. Anza na 1, kisha zidisha kwa 2 kila mara, na ukivuka 23 andika baki tu. Unapata 1, 2, 4, 8, 16, 9, 18, 13, 3, 6, 12, halafu unarudi 1. Umezunguka kwa hatua 11. Fermat alikwisha eleza kwamba kwa namba tasa yoyote iliyo witiri, ukipiga hatua pungufu kwa moja ya namba hiyo, lazima uwe umerudi kwenye 1. Kwa 23 ni hatua 22. Hivyo 11 lazima igawe 22 bila baki, na kweli inaigawa mara mbili.

Sasa chukua kigawo tasa chochote cha 2³¹ − 1. Kwa maana yenyewe ya kugawa, kuzidisha kwa 2 mara 31 kunakurudisha kwenye 1. Na kwa kuwa 31 ni tasa, hakuna mzunguko mfupi zaidi uliojificha ndani yake. Basi 31 lazima igawe ile namba iliyo pungufu kwa moja ya kigawo hicho. Namba hiyo ni shufwa, kwa hiyo 62 nayo inaigawa. Hitimisho: kigawo chochote tasa lazima kiache baki 1 kinapogawanywa kwa 62. Vingine vyote vimetupwa nje bila kuguswa.

Chujio la pili, linalotoka katika tabia ya 2 mbele ya namba tasa, linabakisha zile tu ambazo zikigawanywa kwa 248 zinaacha baki 1 au 63. Hesabu mwenyewe zipo ngapi mpaka 46,340. Utapata 373, na ya kwanza kabisa ni 63, ambayo ni 7 × 9, kwa hiyo inaondoka. Zinabaki 372, na miongoni mwake nyingi si tasa, kwa hiyo nazo zinaachwa.

Kutoka bilioni mbili hadi chini ya mia nne! Kazi iliyobaki inamalizika kwa kalamu, wino na uvumilivu. Matokeo ni ya mwaka 1772, katika barua ya Euler kwa Johann III Bernoulli. Wakati huo Euler alikuwa St. Petersburg, Urusi, mzee wa miaka sitini na ushei, karibu haoni kabisa, na kazi zake nyingi aliwatamkia wasaidizi wakaziandika. Usione vyaelea, vimeundwa.

Karne moja baadaye ikaja njia fupi zaidi, iliyoanzishwa na Édouard Lucas wa Ufaransa na kunyooshwa na Derrick Henry Lehmer wa Marekani. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa namba unayoipima na ubakize baki. Rudia. Ukiwa unapima 2⁵ − 1, yaani 31, unapata 4, kisha 14, kisha 194 ambayo inaacha baki 8, kisha 62 ambayo inaacha baki 0. Sifuri hiyo ndiyo cheti cha utasa. Ukiipima 2,047 kwa njia hiyohiyo, mwishoni unapata 1,736 badala ya sifuri, nayo inaanguka. Kwa namba yetu unapiga hatua 29 tu, na ya mwisho inatoa sifuri.

Kompyuta inaharakisha tu. Kilichoishusha kazi hii kutoka bilioni hadi mia chache ni fikra, nazo zilikuwepo kabla ya umeme.

Dai la nne: "Ni namba ya ajabu kwa sababu tasa kubwa kiasi hicho hakuna."

Hapa pana mambo mawili yaliyochanganywa.

La kwanza, tasa za ukubwa huo ni nyingi. Ukizihesabu zote tangu 2, namba yetu ni ya 105,097,565. Kabla yake kidogo tu, kwa tofauti ya 18, ipo 2,147,483,629. Mbele yake kwa tofauti ya 12 ipo 2,147,483,659. Katika kitongoji hicho, kwa wastani, namba moja kati ya kila 21 au 22 ni tasa. Kilicho nadra ni tasa za ukoo wa Mersenne. Katika ukoo huo namba yetu ni ya nane, na mpaka sasa zinajulikana 52 tu.

La pili, haikuwa ya mwisho. Mwaka 1811 Peter Barlow, mwanahisabati Mwingereza, aliandika kuhusu namba kamilifu inayotokana na hii, ambayo nitaieleza karibuni. Alisema ndiyo kubwa kuliko zote zitakazowahi kugunduliwa, kwani namba hizo ni za kufurahisha tu, hazina faida, na hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine. Kanuni za namba alizijua vizuri. Alichokosea kukisia ni shauku ya watu. Mwaka 1876 Lucas alithibitisha 2¹²⁷ − 1, yenye tarakimu 39, bila mashine. Na Oktoba 2024 ilitangazwa 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1, yenye tarakimu 41,024,320, iliyopatikana katika mradi wa GIMPS, ambamo watu wa kujitolea huunganisha nguvu za kompyuta zao.

Tasa kwa ujumla hazina mwisho. Euklidi alilithibitisha hilo zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Kama za ukoo wa Mersenne nazo hazina mwisho, hakuna binadamu aliyekwisha thibitisha. Anayesema "hii ndiyo ya mwisho" anasema asichoweza kukionyesha.

Dai la tano: "Kompyuta zimeichagua kwa sababu ni tasa, na kompyuta haiwezi kuhesabu zaidi ya hapo."

Nusu ya ukweli imo. Kompyuta huandika namba kwa 0 na 1, na kila nafasi huitwa biti. Katika mfumo wa biti 32, biti moja hutumika kuonyesha kama namba ni chanya au hasi, na 31 hubaki kwa namba yenyewe. Jaza zote 31 kwa 1, na thamani yake ni 2,147,483,647. Hiki ni kikomo cha nafasi, kama debe linavyojaa. Utasa hauhusiki.

Ushahidi upo pande zote mbili. Mfumo wa biti 16 unakomea 32,767, ambayo ni 7 × 31 × 151. Mfumo wa biti 64 unakomea 2⁶³ − 1, yaani 9,223,372,036,854,775,807, nayo inagawanyika kwa 7. Uthibitisho wake ni wa mstari mmoja: 8 ikigawanywa kwa 7 inabaki 1, na 2⁶³ ni 8 iliyozidishwa kwa yenyewe mpaka zikawa 21, kwa hiyo nayo inabaki 1, ukitoa moja, hakibaki kitu. Kwamba 31 imetoa tasa ni bahati ya kipeo hicho.

Mfumo wa biti 64 unaonyesha pia kwamba kompyuta huhesabu mbali zaidi ya hapo. Desemba 2014 YouTube ilitangaza kwamba kihesabu cha watazamaji kimehamishiwa biti 64 baada ya video ya Gangnam Style kukifikia kikomo cha zamani.

Hofu nyingine ni ya mwaka 2038. Programu nyingi huhesabu muda kwa sekunde tangu mwanzo wa Januari 1, 1970. Sekunde ya 2,147,483,647 itaangukia Jumanne, Januari 19, 2038, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Sekunde inayofuata, mfumo wa biti 32 usiorekebishwa utageukia hasi na kudhani ni Desemba 1901. Si kweli kwamba kompyuta zote zitazima. Mifumo inayoweka muda kwa biti 64 itapita bila kujua kama kuna jambo. Lakini vifaa vya zamani vinavyoendesha mitambo kimyakimya vinahitaji kukaguliwa mapema.

Kwa waandishi wetu wa programu kuna somo la karibu zaidi. Mfumo wa mauzo unaoweka fedha kwa senti katika biti 32 unakomea shilingi 21,474,836 na senti 47. Kwa shilingi ya Tanzania, duka la jumla linaweza kuipita jumla hiyo bila kustuka. Asiyeijua namba hii ataijua siku hesabu zitakapomgeukia hasi.

Dai la sita: "Ni tasa, na jina linasema yote: haizai kitu. Haina kazi."

Dai hili ni letu wenyewe, limetoka ndani ya lugha yetu. Neno tasa ni la kiumbe asiyezaa. Walioliazima kwa hisabati walikuwa na maana njema: namba isiyovunjika ikatoa vigawo vidogo. Lakini nimeona wanafunzi wakibeba maana ya mtaani hadi kwenye daftari, wakaamini kwamba namba tasa ni masalia, zilizokataa kugawanyika na kubaki bila faida.

Tazama basi tasa hii ilichozaa. Namba huitwa kamilifu pale vigawo vyake vyote, ukiiacha yenyewe, vinapojumlishwa na kuirudisha. Vigawo vya 6 ni 1, 2 na 3, na jumla yake ni 6. Vigawo vya 28 ni 1, 2, 4, 7 na 14, na jumla yake ni 28. Euklidi alithibitisha kwamba kila tasa ya ukoo huu huzaa namba kamilifu, na Euler akathibitisha kwamba kila namba kamilifu iliyo shufwa imezaliwa hivyo. Kutoka 31 inatoka 16 × 31, yaani 496. Kutoka namba yetu inatoka 2³⁰ × 2,147,483,647, ambayo ni 2,305,843,008,139,952,128: namba kamilifu ya nane, iliyomfanya Barlow adhani safari imekwisha.

Na kazi inayo. Programu za kuiga bahati nasibu, kama zile za kukadiria foleni au kuchagua sampuli ya utafiti, zimetumia kanuni iliyopendekezwa mwaka 1988 na Stephen Park na Keith Miller. Zidisha kwa 16,807, gawanya kwa 2,147,483,647, chukua baki, rudia. Anza na 1: unapata 16,807, kisha 282,475,249, kisha 1,622,650,073. Mfuatano huo unapita kila namba kuanzia 1 hadi 2,147,483,646 kabla ya kurudi ulikoanzia, bila kuruka hata moja. Hilo linawezekana kwa sababu kigawanyi ni tasa. Kingekuwa na vigawo vyake, zipo namba ambazo mfuatano usingezifikia kamwe.

Sitatia chumvi. Tasa hii haifai kulinda siri za benki. Kwa kazi hiyo hutumika tasa zenye mamia ya tarakimu, na yetu ina kumi tu. Kumsifu mtu kwa asichonacho ni kumvunjia heshima, na namba ni hivyohivyo.

Mwalimu anayelifundisha neno hili kesho, nina ombi moja kwake. Akishasema "tasa ni ile isiyogawanyika", asiishie hapo. Aandike ubaoni 16 × 31, awaache watoto wavitafute vigawo vyote vya 496 na kuvijumlisha wenyewe. Jumla itakaporudi 496 mbele ya macho yao, hakutakuwa na haja ya kuwaambia kwamba tasa inaweza kuzaa.